Lupita Nyong'o: Kabla ya Oscar Kulikuwa na Steji ya Nai

Wasee wengi wanamjua Lupita wa Hollywood, lakini manzi huyu alianzia stejini hapa Nairobi. Akiwa na miaka 14 tu, Phoenix Players walimpa nafasi ya Juliet kwenye mchezo wa Shakespeare. Baadaye aliogopa kusema wazi anataka kuigiza, akapiga kazi nyuma ya kamera, ikiwemo The Constant Gardener. Moyo ukakataa. Akajitosa Yale School of Drama, Marekani, miaka 3 ya kunoa uigizaji, akamaliza 2012. 2014 akabeba Oscar. Na hakusahau steji: 2015 aliigiza Eclipsed ya Danai Gurira, ikafika Broadway 2016, akateuliwa kuwania Tony. Uko drama club? Usiichukulie poa.