Sumu ya Kichomi

Ndugu wasikilizaji wa Tarime na Serengeti, fungueni madaftari yenu. Leo tutazungumza juu ya historia ya kichomi, yaani homa ya mapafu.

Zamani mpaka wa nchi ya Wajerumani na nchi ya Waingereza ulipita hapa kaskazini mwa Tarime. Katika vita vya 1914 hadi 1918 pande zote mbili ziliwachukua Waafrika wengi sana kuwa wapagazi. Wengi walikufa, wala si kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi. Watu walilaumu baridi. Sisi wa milimani tunaijua baridi, lakini baridi peke yake haileti kichomi.

Mwaka 1881 Louis Pasteur wa Ufaransa na George Sternberg wa Marekani, kila mmoja kwao, waliona kijidudu kidogo sana katika mate ya watu. Baadaye ikajulikana kwamba kijidudu hicho ndicho kiletacho vichomi vingi.

Je, kinaharibuje mapafu? Mapafu yana vifuko vidogo vya hewa, vyenye kuta nyembamba. Ndani ya kijidudu imo sumu. Kijidudu kikipasuka, sumu humwagika na kutoboa kuta hizo, kama msumari utoboavyo debe. Maji na damu huvuja na kujaa mahali pa hewa. Ndiyo sababu mgonjwa hutweta na kuchomwa ubavuni.

Mwaka 1928 Alexander Fleming aligundua penisilini, nayo ikaanza kutibu watu miaka ya 1940. Dawa huua vijidudu, lakini haiondoi sumu iliyokwisha mwagika. Basi anayechelewa huumia zaidi.

Toka mwaka 2013 watoto wa Tanzania huchanjwa dhidi ya kijidudu hicho, wakiwa na wiki 6, 10 na 14.

Mtoto akikohoa, hesabuni pumzi zake kwa dakika moja, akiwa ametulia. Wa miezi 2 hadi 11 akifikia pumzi 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikia 40, mpelekeni zahanati siku ile ile. Njia ya kwenda Tarime mjini au Mugumu ni ndefu kwa wengi wetu, lakini sumu haingoji.

Maswali:
1. Sumu ya kijidudu hutoka wakati gani?
2. Kwa nini tusichelewe kutafuta dawa?

Kwa herini.