Mlinzi Mmoja wa Kutazama: Mfumo wa Mtawanyiko katika Futiboli ya Vyuo vya Marekani

Wapo wanaodai kwamba mfumo wa mtawanyiko uliwafanya makwotabeki wa vyuo vya Marekani kuwa wavivu wa kufikiri. Katika insha hii ninapinga dai hilo. Kwa maoni yangu, mfumo huu ulizaliwa na uhaba wa muda na wa wachezaji, na ulivipa vyuo vinyonge nafasi ya kushinda.

Kwotabeki ndiye hupokea mpira na kuamua autupe, aukabidhi au akimbie nao. Katika mifumo mingi ya zamani alitakiwa kusoma mpangilio wa walinzi 11 kwa sekunde chache. Huo ni mzigo mkubwa kwa mwanafunzi, kwani tangu 1991 kanuni za NCAA zinaruhusu saa 20 tu za mazoezi kwa wiki wakati wa msimu.

Mwaka 1989, katika chuo kidogo cha Iowa Wesleyan, Hal Mumme na Mike Leach walianza kufundisha mbinu chache zilizorudiwa kila siku. Wapokeaji walitawanywa upana wote wa uwanja, hivyo mianya ikaonekana waziwazi. Mapema miaka ya 1990, Rich Rodriguez wa Glenville State alikwenda mbali zaidi: alimwacha mlinzi mmoja wa pembeni bila kumzuia. Kwotabeki alimtazama huyo tu. Mlinzi akimkimbilia mbebaji, kwotabeki anabaki na mpira, akisimama, anaukabidhi. Aliyepaswa kumzuia mlinzi huyo sasa anamzuia mwingine, na timu dhaifu inapata mtu wa ziada.

Matokeo yalionekana. Mwaka 1998 Tulane, Rodriguez akiongoza ushambuliaji na Shaun King akiwa kwotabeki, ilishinda mechi zote 12. Novemba 4, 2000, Northwestern iliifunga Michigan 54–51 kwa mfumo wa aina hiyo.

Nakubali kwamba gharama ipo. Anayekwenda kwenye ligi ya kulipwa hukutana na maswali ambayo hakuulizwa chuoni. Lakini wengi hawafiki huko, na mwaka 2012 Washington ya NFL yenyewe iliazima mbinu hizo kwa ajili ya Robert Griffin III.

Kwa hiyo, kabla ya kumdharau kwotabeki aliyepewa swali moja, mwanahistoria aulize ni nani aliyelitunga swali hilo, na alikuwa na saa ngapi za kulifundisha.