Glaifoseti: Matumizi Sahihi ya Kiuagugu Katika Mashamba ya Mara

Msimu wa kuandaa mashamba unapowadia, wakulima wengi wa Musoma, Bunda na Butiama hukabiliana na sangari na ndago, magugu ambayo jembe huyakata juu na kuyaacha yachipue tena kutoka ardhini. Kwa sababu hiyo, baadhi yao hutumia viuagugu, hususan glaifoseti. Dawa hiyo hupunguza kazi ya palizi. Hata hivyo, katika mkoa ambao wakazi wengi huteka maji, huvua samaki na kunywesha mifugo katika Ziwa Victoria na mito inayoingia humo, matumizi yake hayamhusu mwenye shamba peke yake.

Uwezo wa glaifoseti wa kuua magugu uligunduliwa mwaka 1970 na mkemia John Franz wa kampuni ya Monsanto ya Marekani, na dawa hiyo iliingia sokoni mwaka 1974 kwa jina la Roundup. Hivi sasa hutengenezwa na kampuni nyingi na kuuzwa kwa majina mbalimbali. Hivyo, mnunuzi anapaswa kusoma kwenye lebo jina la kiini cha dawa na kiasi chake, badala ya kutegemea jina la biashara pekee.

Namna inavyofanya kazi

Glaifoseti huingia kupitia majani mabichi, husafiri ndani ya mmea hadi mizizini na kuzuia kimeng'enya ambacho mmea hukihitaji ili kutengeneza baadhi ya viini vya protini. Majani huanza kuwa ya manjano baada ya siku kadhaa, na mmea hukauka katika muda wa wiki moja hadi mbili au zaidi.

Dawa hii haichagui. Ikigusa majani ya mahindi ya kawaida, mihogo au pamba, hudhuru zao kama inavyodhuru gugu. Ndiyo maana hupulizwa kabla ya kupanda, magugu yakiwa mabichi na yanaendelea kukua. Aidha, hunasa kwenye chembe za udongo na kupoteza nguvu. Anayechanganya dawa kwa maji ya tope hupoteza fedha zake. Mvua ikinyesha saa chache baada ya kupuliza, dawa huoshwa kabla ya kuingia mmeani.

Glaifoseti isichanganywe na 2,4-D, kiuagugu kingine kinachotumika katika mahindi kuua magugu ya majani mapana. Pamba huathirika kirahisi sana na 2,4-D, hata na matone machache yanayopeperushwa na upepo. Katika maeneo ya Bunda ambako mahindi na pamba hupandwa jirani, kosa la mkulima mmoja linaweza kuharibu zao la mwenzake.

Kujikinga na kulinda maji

Mpulizaji anatakiwa kuvaa mabuti ya mpira, glavu, miwani ya kukinga macho, barakoa, suruali ndefu na shati la mikono mirefu. Apulize asubuhi au jioni wakati hakuna upepo mkali, na watoto wasiwepo shambani. Asile wala kuvuta sigara akiwa kazini, na asizibue nozeli ya bomba kwa kuipuliza kwa mdomo. Kipimo ni kile kilichoandikwa kwenye lebo. Kukizidisha huongeza gharama na madhara.

Baadhi ya michanganyiko ya glaifoseti ina viambato vinavyosaidia dawa kushika majani, ambavyo ni sumu kwa samaki na vyura. Kwa hiyo bomba lisioshwe ziwani, mtoni wala kisimani. Maji ya kusuuzia yanyunyizwe katika shamba lilelile lililopulizwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, na eneo hilo halipaswi kupulizwa dawa.

Dumu tupu lisuuzwe mara tatu, maji hayo yamiminwe ndani ya bomba, kisha dumu litobolewe. Kamwe lisitumike kuwekea maji ya kunywa, maziwa au mafuta ya kula, kwa kuwa kulisuuza hakuondoi sumu yote.

Kuhusu afya, mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka glaifoseti katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka za udhibiti za Marekani na Umoja wa Ulaya hazikufikia hitimisho hilo, na mwaka 2023 Umoja wa Ulaya uliongeza kibali chake kwa miaka 10. Tofauti hiyo haiondoi wajibu wa mtumiaji kujikinga.

Dawa ikimwagikia ngozi, nguo zivuliwe na ngozi ioshwe kwa maji mengi na sabuni. Ikiingia machoni, yasafishwe kwa maji safi kwa dakika 15. Aliyeimeza asitapishwe, bali apelekwe haraka kituo cha afya pamoja na lebo ya dawa.

Wakulima wanashauriwa kununua viuagugu vilivyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), vikiwa katika vifungashio vyake halisi, na kumwona ofisa ugani wa kata kabla ya kupuliza.