Sauti ya Watu Asilia Darasani: Funzo kutoka Kanada

Tarehe 25 Julai 2022, huko Maskwacis katika jimbo la Alberta, Hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliwaomba msamaha watu asilia wa Kanada kwa maovu waliyotendewa na Wakristo wengi. Kiini cha jeraha hilo kilikuwa shule za bweni, zilizogharimiwa na serikali na nyingi kuendeshwa na makanisa, likiwamo Kanisa Katoliki. Kwa zaidi ya karne moja, watoto wapatao 150,000 walipitia humo. Wengi walitenganishwa na wazazi na kukatazwa kusema lugha zao. Maelfu hawakurudi nyumbani.

Kwa sababu hiyo, mwalimu Mkatoliki anayefundisha habari za watu hao anasimama mahali palepale palipojeruhi, yaani darasani. Nia njema peke yake haimtoshi.

Mwaka 2015 Tume ya Ukweli na Upatanisho ya Kanada ilitoa miito 94 ya kutenda. Wito wa 62 unataka historia ya shule hizo, mikataba na mchango wa watu asilia vifundishwe tangu chekechea hadi darasa la 12. Je, mwalimu aifanyeje kazi hiyo kwa heshima?

Kwanza, awataje watu kwa majina yao. Kuna Mataifa ya Kwanza, Wainuiti na Wametis; na Mataifa ya Kwanza pekee ni jumuiya zaidi ya 600. Mcree wa nyanda za Alberta hana lugha wala desturi moja na Mmi'kmaq wa pwani ya Atlantiki. Tena awaseme kama watu walio hai leo, si kama masalia ya kale.

Pili, asiwasemee. Wahenga walinena: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Awaalike wazee wa jumuiya iliyo jirani na shule, akiuliza mapema desturi ya kuwaalika. Katika mataifa mengi mgeni humkabidhi mzee tumbaku anapoomba mafundisho. Kwa Wainuiti desturi hiyo haipo. Wala asimgeuze mtoto wa asili aliyemo darasani kuwa msemaji wa taifa lake. Huenda bibi yake alipitia shule hizo.

Tatu, atambue mipaka. Kwa Waanishinaabe, baadhi ya masimulizi hutolewa majira ya baridi tu. Taji la manyoya ni heshima anayopewa mtu aliyeistahili. Kulitengeneza kwa karatasi na kulivaa kwa mchezo ni dharau, hata kama mwalimu hakukusudia.

Wapo waamini wanaohofu kwamba kusikiliza hivi kutadhoofisha imani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati *Ad Gentes*, namba 11, unatufundisha kuzitambua kwa furaha na heshima mbegu za Neno zilizofichika katika mapokeo ya mataifa. Naye Mtakatifu Kateri Tekakwitha, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2012, alikuwa Mmohawk na Mkristo kwa pamoja.

Toba ya kweli huonekana katika malipizi. Pale ambapo zamani mtoto alinyamazishwa, mwalimu wa leo na aanze kwa kusikiliza.