Jinsi Marekani hupanga wafanyakazi wa kukabili majanga

KUPANGA wafanyakazi wa shirika la kukabiliana na majanga ni kazi ngumu, kwani mafuriko na vimbunga havina ratiba.

Shirika la FEMA la Marekani, lililoundwa mwaka wa 1979, lina makundi makuu matatu: walioajiriwa kwa kudumu, wenye kandarasi ya miaka michache, na wa akiba ambao huitwa janga linapotokea.

Kimbunga Katrina kilipokumba New Orleans mnamo Agosti 2005, serikali ililaumiwa kwa kujikokota. Sheria iliyopitishwa mwaka wa 2006 iliruhusu watumishi wa idara nyingine kuitwa kusaidia, na mpango huo ulitumiwa mara ya kwanza wakati wa Kimbunga Sandy, mwaka wa 2012.

Hata hivyo, idadi pekee haitoshi. Wakaguzi wa serikali walibaini kuwa Oktoba 2017, baada ya vimbunga Harvey, Irma na Maria, asilimia 54 ya waliotumwa nyanjani walishika majukumu ambayo hawakuwa wamehitimu rasmi kuyatekeleza.

Mwanzoni mwa mwaka wa kifedha wa 2022, FEMA ilikuwa na wafanyakazi wa majanga wapatao 11,400, ilhali ilihitaji zaidi ya 17,000. Mwaka huo, sheria nyingine iliwakinga wale wa akiba wasipoteze ajira zao za kawaida wanapoitwa.

Pengo kama hilo humwumiza mwathiriwa: nyumba yake huchelewa kukaguliwa, na msaada hukawia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.