Anayemtunza mzee, naye atatunzwa na nani?



Kuwatunza wazazi wanapofikia uzee si jambo geni katika nyumba zetu. Surat Al-Israa, aya ya 23, imeweka wema kwa wazazi mara tu baada ya kumwabudu Mwenyezi Mungu peke yake, na ikakataza hata kuwaguna. Lakini katika familia nyingi kazi yenyewe humwangukia mtu mmoja. Mara nyingi ni binti ambaye hajaolewa, au mke wa mwana. Husifiwa sana, husaidiwa kidogo. Historia ya Uingereza ina funzo kubwa katika jambo hili.

CHAKULA MLANGONI

Mwaka 1938, vita vikiwa vinanukia, Lady Reading alianzisha jumuiya ya wanawake wa kujitolea, Women's Voluntary Services. Kwanza walisaidia kuwaandaa raia kwa mashambulizi ya ndege. Mwaka 1943 wakaanza kuwapelekea wazee chakula cha moto majumbani. Vita viliisha mwaka 1945, lakini kazi hiyo haikuisha, bali ilienea nchi nzima. Mzee alipata sahani yake, na akapata pia mtu wa kumjulia hali.

Hata hivyo, yule aliyemwogesha mzee, akamgeuza kitandani na kukesha naye usiku, bado hakuonekana.

BARUA YA MWAKA 1963

Mary Webster alikuwa kasisi. Mwaka 1954 aliacha kazi ili awauguze wazazi wake. Mwaka 1963 aliandika barua magazetini kueleza hali ya wanawake wasioolewa waliofungika nyumbani kama yeye, bila mshahara wala akiba ya uzeeni. Majibu yakamiminika kutoka kwa wanawake wenye hali kama hiyo. Mwaka 1965 wakaunda baraza lao la kudai haki.

Bi. Mary alifariki mwaka 1969, lakini wenzake hawakukata tamaa. Mwaka 1976 serikali ilianza kutoa posho kwa aliyeacha kazi kumuuguza mtu. Kulikuwa na kasoro: mke wa mtu hakupewa, kwa kuwa alihesabiwa kuwa yuko nyumbani tu. Jacqueline Drake, aliyeacha kazi kumuuguza mama yake, alipeleka kesi hadi Mahakama ya Ulaya na akashinda mwaka 1986. Sheria ya mwaka 1995 ikawapa wauguzaji haki ya kuangaliwa hali yao wenyewe, si ya mgonjwa pekee.

TUNAJIFUNZA NINI?

Wanawake hawa hawakuwachoka wazazi wao. Walichoka kubeba peke yao. Kuomba msaada si upungufu wa subira wala wa mapenzi.

Sisi hatuna haja ya kungoja sheria. Kila mtaa una wanafunzi walio likizo na akina mama wa darsa. Wawili wakikaa na mzee asubuhi moja kwa wiki, binti yake ataweza kwenda hospitali kwa maradhi yake mwenyewe, au kulala tu. Na ndugu walio mbali wasitosheke na kutuma pesa, wapange zamu.

Tukienda kumzuru mzee, tumuulize hali. Kisha tumgeukie anayemuuguza, tumuulize: na wewe je, hujambo?