Kenya: Jinsi kesi za jinai za barabarani zinavyoamuliwa mahakamani

Dereva anayeshtakiwa kwa kosa la barabarani nchini Kenya husimama kizimbani na kuulizwa swali fupi: shtaka hili ni kweli au si kweli? Wengi hujibu haraka ili walipe faini na kurejea kazini siku hiyo hiyo. Hata hivyo, jibu hilo ndilo linaloamua mkondo wa kesi, na athari zake zinaweza kudumu muda mrefu baada ya faini kulipwa.

Mahakama inayohusika

Kesi hizi husikilizwa na mahakama za mahakimu zilizopo katika kaunti zote 47, kwa mujibu wa Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Ingawa wananchi huzitaja kwa jina la kaunti zilimo, mahakama hizo haziendeshwi na serikali za kaunti, bali ni sehemu ya Idara ya Mahakama ya taifa. Mashtaka huendeshwa kwa niaba ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Kosa la barabarani, hata liwe dogo, ni kosa la jinai. Kwa sababu hiyo, dereva ana haki zote za mshtakiwa zilizomo katika Katiba ya mwaka 2010. Ibara ya 49 inataka aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kazi ya mahakama inayofuata iwapo muda huo utaisha wakati mahakama imefungwa. Ibara hiyo pia inakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita.

Makosa madogo

Kanuni za makosa madogo za mwaka 2016 ziliweka faini maalumu kwa makosa ya kawaida. Anayetumia simu akiendesha hutozwa shilingi 2,000 za Kenya, na asiyefunga mkanda shilingi 500. Anayezidisha mwendo unaoruhusiwa kwa kilomita 16 hadi 20 kwa saa hutozwa shilingi 10,000.

Kwa makosa hayo, askari wa trafiki anaweza kumpa dereva hati ya kumtaka afike mahakamani kujibu shtaka. Dereva anayekubali kosa hukiri na kulipa faini, na kesi huishia hapo. Fedha hizo huenda mahakamani kwa njia rasmi na mlipaji hupewa stakabadhi. Malipo yanayokabidhiwa mkononi kando ya barabara si faini na hayamalizi kesi yoyote.

Kukiri shtaka

Utaratibu wa kupokea jibu la mshtakiwa ulifafanuliwa katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, iliyoamuliwa mwaka 1973 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikizihudumia Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Shtaka husomwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, na jibu lake huandikwa kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana. Akikubali, kiongozi wa mashtaka hueleza jinsi tukio lilivyotokea, kisha mshtakiwa huulizwa kama maelezo hayo ni sahihi.

Hatua hiyo ya mwisho ni kinga muhimu. Dereva aliyeshtakiwa kwa kuendesha bila uangalifu akisema, “Ni kweli niligonga, lakini breki zilikatika ghafla”, hajakiri kosa, ameeleza utetezi. Hakimu anapaswa kuandika kuwa amekana shtaka, na kesi ipangiwe tarehe ya kusikilizwa. Ikiwa hana pingamizi, hutiwa hatiani na kupewa nafasi ya kuomba apunguziwe adhabu.

Aliyekiri kwa hiari hawezi kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani. Anaweza tu kupinga ukubwa au uhalali wa adhabu. Vilevile, Sheria ya Ushahidi inaihesabu hukumu ya jinai isiyobatilishwa kwa rufaa kuwa uthibitisho kamili wa kosa. Hivyo, dereva aliyekiri haraka shtaka la kuendesha bila uangalifu anaweza kukuta jibu lake likitumiwa dhidi yake baadaye, majeruhi atakapofungua kesi ya madai ya fidia.

Kukana shtaka

Anayekana huweza kupewa dhamana na kusubiri kesi akiwa nje. Ana haki ya kuona mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake, kuwakilishwa na wakili, kuwahoji mashahidi na kupata mkalimani bila malipo. Haki hizo hazibagui raia wala mgeni, jambo lenye uzito kwa madereva wa malori na mabasi wanaoingia Kenya kupitia Namanga, Taveta au Lunga Lunga.

Upande wa mashtaka ndio wenye jukumu la kuthibitisha kosa pasipo shaka ya msingi. Katika ajali, ushahidi wa kawaida ni mchoro wa eneo la tukio, ripoti ya mkaguzi wa magari na maelezo ya walioshuhudia. Katika shtaka la mwendo kasi, maoni ya shahidi mmoja tu kwamba gari lilikwenda kasi hayatoshi kumtia dereva hatiani.

Mashtaka yakifunga ushahidi, hakimu huamua kama mshtakiwa ana kesi ya kujibu. Kama hana, huachiliwa papo hapo. Kama anayo, hujitetea, na hukumu hufuata. Kuna pia njia ya makubaliano: tangu mwaka 2008 sheria inaruhusu pande mbili kujadiliana, na mshtakiwa kukiri shtaka jepesi zaidi kwa idhini ya mahakama.

Adhabu na rufaa

Kuendesha bila uangalifu kunaweza kuadhibiwa kwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja. Kwa anayeendesha akiwa amelewa, kifungo kinaweza kufika miaka miwili. Anayesababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari anaweza kufungwa hadi miaka kumi, na sheria inataka leseni yake ifutwe na azuiwe kuwa na nyingine kwa miaka mitatu. Katika makosa yasiyo mazito, mahakama inaweza kuamuru kazi ya huduma kwa jamii badala ya jela.

Asiyeridhika na hukumu ana siku 14 kukata rufaa Mahakama Kuu.

Kabla ya kujibu shtaka, mshtakiwa ana haki ya kuomba hati ya mashtaka isomwe tena, itafsiriwe, au apewe muda wa kumwona wakili. Kwa dereva asiye na hakika na kosa analoshtakiwa nalo, kuomba muda huo kunaweza kumpotezea siku ya kazi, lakini kukiri asilolielewa kunaweza kumgharimu zaidi.